Kudhibiti Mwani katika Tangi la Samaki Lenye Mimea: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwani ni sehemu ya kila tangi la samaki lenye mimea hai. Spora zake huingia pamoja na maji, hewa, mimea mipya, mawe na hata nyavu za kuvulia samaki, na kwa kuwa mwani na mimea huishi kwa vitu vilevile, yaani mwanga, kabonidayoksaidi na virutubisho, haiwezekani kuunyima mwani chakula bila kuinyima mimea pia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu haulengi tangi lisilo na chembe ya mwani. Unalenga tangi ambalo mimea yake inakua kwa nguvu na bila kukatizwa, kwa kuwa jani lenye afya halishikwi na mwani kwa urahisi, ilhali jani linalodhoofika huvujisha ndani ya maji vitu ambavyo mwani huvitumia, na pia huupatia mahali tulivu pa kujishikiza.

Hatua zimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Ninamsihi msomaji asiruke za mwanzo na kukimbilia dawa zilizotajwa karibu na mwisho, maana dawa huua mwani ulioota leo na kuacha hali iliyouotesha ikiwa palepale.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya mwani

Kabla ya kubadilisha chochote, washa taa, kaa mbele ya tangi na uutazame mwani kwa makini. Angalia rangi yake na mahali ulipoota, kisha upapase kwa kidole ili ujue kama unafutika, unavutika kama uzi, au umeshika kiasi kwamba hauondoki bila kukwanguliwa. Majibu ya maswali hayo hueleza mengi kuhusu hali ya tangi kuliko vipimo vingi vya maji.

Utando wa kahawia unaofutika kwa mguso mdogo, unaofunika kioo, changarawe na majani katika wiki za mwanzo za tangi jipya, ni diatomu, yaani viumbe vya seli moja vinavyojenga kuta zake kwa silika (madini ya mchanga). Hustawi wakati bakteria wa kichujio bado hawajatulia na mimea haijashika mizizi. Katika matangi mengi hutoweka tangi linapokomaa, na hakuna haja ya kufanya zaidi ya kuufuta na kubadilisha maji.

Vidoa vya kijani vilivyo vigumu, vinavyoota kwenye kioo na juu ya majani ya mimea inayokua polepole kama Anubias, huashiria mwanga mwingi, na mara nyingi pia fosfeti, mojawapo ya virutubisho vya mimea, iliyo chache mno. Usivichanganye na vumbi la kijani, ambalo hufunika kioo kizima kwa utando laini na kurudi siku chache tu baada ya kupanguswa. Vumbi hilo hutoa chembe zinazoogelea na kwenda kushika mahali papya, na ndiyo maana kulipangusa kila siku mara nyingi hakulimalizi. Baadhi ya wafugaji huliacha kwa wiki 3 hadi 4 bila kuligusa, mpaka liwe nene na kuanza kubanduka lenyewe, kisha huliondoa lote kwa pamoja na kubadilisha maji mengi. Njia hiyo inataka uvumilivu, kwa sababu kwa muda wote huo tangi halitazamiki.

Maji yakigeuka kijani hadi usiweze kuona ukuta wa nyuma, basi mwani wa seli moja unaelea kwa mamilioni ndani yake. Kubadilisha maji peke yake hakusaidii sana, kwa kuwa seli zinazobaki hugawanyika upesi na kujaza tangi tena.

Mwani wa nyuzi huja kwa sura nyingi. Kuna nyuzi ndefu laini za kijani zinazoteleza, na kuna Cladophora, ambao ni mkavu kidogo unapoushika, wenye matawi, na unaotoka kwa mafundo. Nyuzi laini huelekea kuonekana pale ambapo mwanga umeizidi nguvu mimea, hasa katika tangi lenye mimea michache. Cladophora ni mgumu zaidi, kwani huweza kuota hata katika tangi lenye afya nzuri, na dawa yake kuu ni kuung'oa kwa mkono hadi kipande cha mwisho.

Ndevu nyeusi ndizo zinazowakatisha tamaa watu wengi. Ni vishungi vifupi vyeusi au vya kijivu iliyokolea vinavyoota kwenye kingo za majani, kwenye vipande vya mbao na kwenye midomo ya mabomba ya kichujio. Ingawa vinaonekana vyeusi, ni vya kundi la mwani mwekundu, na ukiloweka kishungi ndani ya spiriti utaona rangi hiyo nyekundu ikijitokeza. Jamaa yake wa karibu ni mwani wa kijivu wenye matawi yanayofanana na pembe za paa. Wote wawili hufuatana na kiwango cha kabonidayoksaidi kinachopanda na kushuka, mzunguko hafifu wa maji, na uchafu wa viumbe uliorundikana.

Mwisho kuna utando wa kijani unaoelekea bluu, unaoteleza, wenye harufu mbaya, unaobanduka kama ngozi na kurudi baada ya siku moja au mbili. Huo si mwani hata kidogo. Ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, na kwa kuwa ni bakteria, njia za kupambana nao zinatofautiana kwa kiasi fulani na zile za mwani. Hupenda changarawe chafu, pembe ambazo maji hayafiki, na mara nyingi matangi ambayo nitreti, kirutubisho chenye nitrojeni, imekwisha kabisa.

Hatua ya pili: ondoa mwani kwa mikono

Watu wengi huona hatua hii kuwa ya kijakazi, lakini hakuna nyingine inayoleta nafuu haraka kama hii. Kila gramu ya mwani unayoitoa ni gramu ambayo haitaoza ndani ya tangi wala kutoa spora nyingine.

Zima kichujio na hita kwanza. Kwangua kioo kwa wembe, au kwa kipande cha plastiki kama tangi lako ni la akriliki, kwa sababu wembe huichana akriliki. Mwani wa nyuzi uzungushe kwenye mswaki mpya, kama unavyosokota uzi, na utaona shungi zima likitoka pamoja. Majani ya zamani yaliyofunikwa na ndevu nyeusi au vidoa vigumu yakate tangu kwenye shina bila huruma, kwani hayatarudi kuwa masafi na mmea utakuwa umekwisha kuanza kuyaacha. Mawe na mbao vitoe nje, uvisugue kwa brashi na kuvisuuza. Ukimaliza, nyonya mabaki yote kwa mpira huku ukibadilisha nusu ya maji, ili vipande vilivyokatika visipate kwenda kuota kwingine.

Kazi hiyo irudie kila wiki mpaka mwani ukome kukua. Haitoshi kuifanya mara moja.

Hatua ya tatu: rekebisha mwanga

Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika tangi lenye mwani, ningebadilisha mwanga. Mwanga ndio unaoamua kasi ya maisha yote ndani ya tangi. Ukiwa mkali, mimea hulazimika kukua haraka, na ili ikue haraka huhitaji kabonidayoksaidi na virutubisho vingi zaidi. Mahitaji hayo yasipotimizwa, mimea hudhoofika na mwani, ambao huridhika na kidogo, huchukua nafasi. Kuongeza mwanga bila kuongeza vingine ni sawa na kuongeza moto chini ya sufuria yenye maji machache.

Anza na muda. Tumia swichi ya saa inayowasha na kuzima taa yenyewe, na uiweke kwa saa 6 kwa siku ikiwa tangi ni jipya au linasumbuliwa na mwani. Tangi lililotulia linaweza kwenda hadi saa 8, na sioni sababu ya kuzidisha hapo kwa matangi mengi. Ukitaka taa iwake muda unaokuwapo nyumbani, panga saa hizo ziangukie jioni, maana mimea haijali kama ni asubuhi au usiku mradi ratiba isibadilike. Taa inayowashwa kwa mkono, leo saa 5 na kesho saa 12, huivuruga mimea kuliko tunavyodhani.

Kisha pima ukali. Taa nyingi za LED zinazouzwa kwa ajili ya mimea zina nguvu kuliko inavyohitajika, na huwekwa karibu mno na maji. Kwa tangi lisiloongezewa gesi ya kabonidayoksaidi, mikromoli 30 hadi 50 za mwanga kwa mita ya mraba kwa sekunde, zikipimwa chini kwenye changarawe, zinatosha mimea mingi isiyo na makuu. Ikiwa huna kipimo cha namna hiyo, na wengi hawana, punguza mwanga kwa robo au theluthi kwa kutumia kidhibiti cha taa, au inua taa juu zaidi, kisha tazama. Mimea iliyokosa mwanga hurefuka ikitafuta juu na kuacha nafasi kubwa kati ya jani na jani. Usipoona dalili hiyo, jua kwamba hujapunguza kupita kiasi.

Jua la moja kwa moja kutoka dirishani lizuie kwa pazia au kwa karatasi nyeusi iliyobandikwa nyuma ya tangi, kwa sababu huwezi kulipima wala kulidhibiti, na ni chanzo cha kawaida cha maji ya kijani. Rangi ya taa, ambayo watu hubishania sana, haina uzito huo: taa nyeupe ya karibu kelvini 6500 inaifaa mimea vizuri, na kuibadilisha hakuondoi mwani.

Katika tangi lisiloongezewa gesi unaweza pia kugawanya mwanga katika vipindi viwili, na kati yake kuacha mapumziko ya saa 3 au 4. Mimea hutumia kabonidayoksaidi iliyomo majini katika kipindi cha kwanza hadi ikapungua sana. Wakati wa mapumziko pumzi za samaki na bakteria huirudisha, na mimea huanza kipindi cha pili ikiwa na akiba.

Hatua ya nne: kabonidayoksaidi na mzunguko wa maji

Kwa mimea iliyozama, kabonidayoksaidi ndicho kitu kinachokosekana mara nyingi kuliko kingine chochote. Gesi hii husambaa ndani ya maji polepole zaidi ya mara elfu kadhaa kuliko inavyosambaa hewani, na maji yaliyolingana na hewa ya kawaida huwa na chini ya miligramu 1 kwa lita. Ndiyo sababu wafugaji wenye taa kali huongeza gesi kutoka kwenye mtungi, wakilenga miligramu 20 hadi 30 kwa lita wakati taa inapowaka.

Ukitumia mtungi, lililo muhimu zaidi ni uthabiti. Fungua gesi saa 1 hadi 2 kabla ya taa kuwaka, ili mimea inapoanza usanisinuru ikute kiwango kimeshafika, na uifunge yapata saa 1 kabla ya taa kuzimwa. Kipimo cha kioo chenye kimiminika kinachobadilika rangi hukuonyesha hali kwa ujumla: bluu ni gesi kidogo, kijani ni kiasi kinachofaa, na njano ni gesi iliyozidi. Kwa kuwa kimiminika hicho huchelewa kwa saa moja au zaidi, mpime pia samaki kwa macho yako. Wakipanda juu na kutwetea, funga gesi mara moja na utibue uso wa maji kwa pampu ya hewa. Hakuna mmea unaostahili maisha ya samaki. Ndevu nyeusi zinapoota katika tangi lenye mtungi, jambo la kwanza ninalolishuku ni kiwango kinachoyumba kutoka siku hadi siku, kwa mfano kwa sababu mtungi umekaribia kwisha au kisambaza gesi kimeziba.

Asiyetumia mtungi hana haja ya kujiona amepungukiwa. Achague mimea inayokua taratibu kama Anubias, Cryptocoryne na Microsorum pteropus, apunguze mwanga kama ilivyoelezwa, na atapata tangi zuri lenye mwani mdogo na kazi ndogo zaidi.

Mzunguko wa maji hupuuzwa sana. Gesi na mbolea visipofika kwenye jani ni sawa na kutokuwapo. Tazama mimea kila upande wa tangi: majani yote yanapaswa kutikisika kidogo, hata yale ya pembeni na ya chini. Katika tangi lenye mtungi, kichujio kinachopitisha maji yote ya tangi mara 5 hadi 10 kwa saa kwa kawaida hutosha. Ukiona kona ambayo uchafu unatua na majani yametulia tuli, geuza mdomo wa bomba la kichujio au uongeze pampu ndogo ya mzunguko, kwani hapo ndipo sianobakteria na ndevu huanzia.

Hatua ya tano: lisha mimea, usiinyime

Kwa miaka mingi wafugaji waliambiwa kwamba fosfeti na nitreti ndizo zinazoleta mwani. Mwaka 1996 wafugaji wawili, Paul Sears na Kevin Conlin, walipendekeza kuacha fosfeti iwe chache huku virutubisho vingine vikiongezwa, na pendekezo lao lilikuwa hatua kubwa mbele kwa kuwa liliwafundisha watu kuilisha mimea badala ya kuogopa mbolea. Baadaye Tom Barr, mfugaji wa Marekani, alionyesha kwamba fosfeti inaweza kuongezwa kwa makusudi katika tangi lililojaa mimea na lenye kabonidayoksaidi ya kutosha bila mwani kulipuka. Utaratibu wake wa kuweka mbolea kwa ukarimu na kubadilisha nusu ya maji kila wiki, ili chochote kisirundikane, unatumika hadi leo.

Mimi niko upande huo. Mmea unaokosa nitrojeni au potasiamu huanza kula majani yake ya zamani, na majani yanayokufa ni shamba la mwani. Weka nitreti kati ya miligramu 10 na 20 kwa lita, fosfeti kati ya 1 na 2, potasiamu kati ya 10 na 20, pamoja na mchanganyiko wa madini ya kiasi kidogo yenye chuma. Tangi lisilo na mtungi hutumia kidogo zaidi, na mara nyingi kinyesi cha samaki hutoa nitreti na fosfeti ya kutosha, kwa hiyo potasiamu na chuma ndivyo vya kuangalia. Majani yenyewe yatakueleza: ya zamani yakigeuka njano yote, nitrojeni imepungua, yakitoboka matundu madogo yenye kingo zilizokauka, shuku potasiamu, majani mapya yakitoka meupe huku mishipa ikibaki kijani, tafuta chuma. Vidoa vigumu vya kijani vikizidi juu ya Anubias, jaribu kuongeza fosfeti kabla ya kuipunguza.

Amonia ni suala jingine kabisa. Hata kiasi kidogo chake huchochea mwani na kuwadhuru samaki, na hutokana na samaki wengi mno, chakula kilichobaki, mnyama aliyekufa nyuma ya jiwe, kichujio kilichooshwa kupita kiasi, au udongo maalumu wa mimea ambao katika wiki zake za kwanza huachilia amonia ndani ya maji. Kipimo cha amonia katika tangi lililokomaa kinapaswa kusoma sifuri.

Hatua ya sita: usafi wa kila wiki

Badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kila wiki. Tangi jipya lenye udongo wenye rutuba lihudumiwe mara nyingi zaidi, hata kila siku katika wiki ya kwanza, kisha mara 2 au 3 kwa wiki mpaka litulie. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini na kloramini, na joto lake lilingane na la tangi.

Nyonya uchafu juu ya changarawe bila kuchimba kwenye mizizi. Sponji za kichujio zisuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kwa sababu maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti. Samaki walishwe kile wanachomaliza ndani ya dakika 2, mara moja kwa siku, na siku moja katika wiki wakae bila chakula. Samaki wazima wenye afya hawadhuriki kwa hilo.

Hatua ya saba: jaza tangi mimea

Tangi lenye vishina vitano na uwanja wa changarawe tupu ni mwaliko wa mwani. Tangu siku ya kwanza funika sehemu kubwa ya sakafu kwa mimea, na uhakikishe kwamba mingi ni ya kukua haraka: Hygrophila, Egeria densa, Ceratophyllum demersum, Vallisneria. Hata kama si hiyo unayoipenda, iache ifanye kazi kwa miezi michache ya mwanzo, kisha uipunguze kidogokidogo kadiri mimea ya polepole inavyoshika.

Mimea inayoelea, kama Salvinia na Limnobium, ina faida ya pekee. Huchukua kabonidayoksaidi moja kwa moja kutoka hewani, kwa hiyo haizuiwi na upungufu wa gesi majini. Hunyonya amonia na nitreti kwa kasi, na wakati huohuo hutia kivuli. Usiiache ifunike zaidi ya nusu ya uso wa maji, la sivyo mimea ya chini itakufa njaa ya mwanga. Ile unayoipunguza ikaushe na kuitupa kwenye taka au kuifanya mboji. Usiitupe mtoni, ziwani wala kwenye mfereji kwa hali yoyote, kwani kadhaa kati yake ni jamii za magugu ambayo, kama gugumaji, huweza kufunika maji ya asili na kuwafukuza viumbe wake.

Hatua ya nane: wala mwani

Wanyama husaidia kazi iliyokwisha kufanywa. Hawaifanyi badala yako. Uduvi wa aina ya Caridina multidentata, ambao Takashi Amano, mbunifu wa matangi ya mimea wa Japani, aliwafanya wajulikane na wafugaji, ni hodari kwa mwani wa nyuzi laini, na konokono wa jamii ya nerite husafisha diatomu na vidoa kwenye kioo kuliko kiumbe kingine ninachokifahamu. Wote wawili hawawezi kukuza watoto katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo hawatajaza tangi. Otocinclus ni samaki mdogo wa karibu sentimita 4 anayekula diatomu na utando laini. Anataka wenzake wasiopungua 6 na tangi lililokomaa, maana katika tangi jipya hufa kwa njaa.

Crossocheilus ni miongoni mwa samaki wachache wanaokula ndevu nyeusi, hasa akiwa mdogo, lakini hufikia sentimita 15 na huhitaji tangi kubwa. Jihadhari usiuziwe Gyrinocheilus aymonieri mahali pake, kwa sababu huyo akikua huwa mkorofi na huwanyonya samaki wengine ubavuni.

Hatua ya tisa: giza na dawa, pale inapobidi

Kwa maji ya kijani na sianobakteria, giza kamili la siku 3 hadi 4 hufanya kazi vizuri. Ondoa kwanza utando wote unaoweza kuufikia, badilisha nusu ya maji, funga gesi, washa pampu ya hewa, kisha funika tangi kwa kitambaa kizito cheusi bila kuacha mwanya. Usiwalishe samaki wala kufunua kuchungulia. Mwishoni badilisha tena nusu ya maji ili kutoa mwani uliokufa, ambao ukiachwa utaoza na kula oksijeni. Mimea yenye mizizi na akiba huhimili giza hilo, ingawa ile dhaifu inaweza kupoteza majani. Kwa maji ya kijani taa ya miale ya urujuanimno iliyounganishwa na kichujio ni bora zaidi, kwani huua seli zinazopita ndani yake na kuyaacha maji maangavu ndani ya siku chache.

Kwa ndevu nyeusi kwenye mawe na mbao, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa. Zima kichujio, chukua mililita chache kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na uzimwagie ndevu polepole kwa karibu. Kiasi chote kwa siku kisizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi. Subiri dakika 10, washa kichujio na ubadilishe sehemu ya maji. Ndevu zilizokufa hugeuka waridi au nyeupe baada ya siku chache, na uduvi huzimaliza. Mimea ya kuvumwani, Vallisneria na uduvi wenyewe huumizwa na dawa hii ikiwagusa moja kwa moja.

Dawa za majimaji zenye glutaraldehaidi hupunguza ndevu pia, lakini ni sumu kwa ngozi, macho na mapafu ya mtu, na huidhuru Vallisneria na Egeria. Vaa glavu na usizidishe kipimo kilichoandikwa. Dawa za kuua mwani zenye shaba sizishauri kabisa katika tangi lenye mimea, uduvi au konokono, kwa sababu shaba huwaua wanyama hao kwa kiasi kidogo sana. Antibiotiki dhidi ya sianobakteria ziachwe ziwe suluhisho la mwisho, kwa kuwa zinaweza kuwagusa bakteria wa kichujio na kulirudisha tangi kwenye amonia.

Hatua ya kumi: subiri na uangalie majani mapya

Badilisha jambo moja kwa wakati na ulipe wiki 2 hadi 3. Anayepunguza mwanga, kuongeza mbolea, kununua uduvi na kumwaga dawa katika siku moja hatajua kilichomsaidia wala kilichomwumiza. Andika kila badiliko pamoja na tarehe yake, na upige picha ya tangi kutoka mahali palepale kila wiki, kwa sababu macho yanayotazama kila siku hayaoni mabadiliko ya polepole.

Kipimo chako kiwe majani mapya. Mwani kwenye majani ya zamani ni habari ya mwezi uliopita. Majani yaliyochipuka baada ya marekebisho yakibaki masafi kwa wiki 3 mfululizo, uko kwenye njia sahihi hata kama mawe bado yana ndevu. Hapo ndipo unapoweza kurudisha mwanga kwa nusu saa, kungoja wiki 2, na kuongeza nusu saa nyingine. Mwani ukianza kujitokeza tena, rudi kwenye kiwango kilichotangulia na ubaki hapo.